Ziwa lilipofungwa sukari yangu ikapanda

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nchi nne zinazolizunguka yani sisi Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilikubaliana samaki wapumzike wazaliane. Huku Kigoma kila mtu alikuwa na kilio chake, mwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, analia, mbeba mzigo analia, mama ntilie wa pale mwaloni analia. Mimi nililia mara mbili, hela na sukari.

Kazi yangu dagaa. Nanunua mwalo wa Kibirizi, pale vyombo vinaposhushia samaki, alfajiri vyombo vikirudi, naanika, nageuza, nachambua, nakusanya kabla ya mvua, nafunga magunia, mzigo unaondoka. Kisukari ninacho aina ya pili, vidonge vilishindwa zamani nikahamia sindano, ile insulini ya mchanganyiko nyeupe unayoivingirisha viganjani kabla ya kuvuta, asubuhi na jioni. Kabla ya ziwa kufungwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu, wanakiita HbA1c, kilikuwa kinasoma asilimia 7.6 na dokta ananisifia mbele za watu. Nikaja kupima tena ziwa linakaribia kufunguliwa, 9.1.

Nesi akaniangalia kwa lile jicho, wenye kisukari wenzangu mnalijua. "Mama, siku hizi unakula nini?"

Nikule nini na ziwa limefungwa? Chakula kilikuwa kile kile tena kimepungua, ugali wa muhogo, majani, kunde, siku mojamoja samaki mgebuka aliyebaki kwenye friji ya mtu. Chai nakunywa bila sukari miaka sasa. Sindano sijaruka. Nikamwambia nesi sili chochote cha ajabu, akaandika kwenye kadi kitu sikukiona, ila najua alichoandika hahaha.

Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimekaa. Basi. Kukaa tu kibarazani, kuongea na majirani, kulala mchana, kuamka.

Sasa ngoja niseme kazi ya dagaa ikoje kwa asiyeijua, maana watu wanaona mtu amesimama juani wanafikiri ni kusimama. Dagaa wakishamwagwa unainama unawatawanya kwa mikono wasilaliane, unasogea hatua unainama tena, ukimaliza upande huu wa kwanza umeshaanza kukauka juu inabidi ugeuze, unafukuza kunguru, unafukuza mbuzi, unaenda kuchota maji, unarudi, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa kumi jioni. Hakuna dakika umekimbia wala umehema sana. Ila hujakaa pia. Ukimuuliza mwanamke yeyote pale mwaloni kama anafanya mazoezi atakucheka, mazoezi ni ya wale vijana wa jezi wanaokimbia alfajiri barabara ya Ujiji. Lakini msuli haujui jezi. Msuli ukijikunja na kujikunjua unataka sukari, na uzuri wake ni kwamba ukiwa kazini unaivuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapogoma kufanya kazi vizuri, ambao ndio ugonjwa wenyewe wa sisi aina ya pili. Na ukimaliza kazi msuli unaendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa muda mrefu, siku nzima na pengine hadi siku mbili. Ndiyo maana wataalamu wanasema usipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili, faida inakuwa imeisha unaanza upya. Jumla yake kwa wiki wanataka isipungue dakika 150 za mwendo wa kukufanya uheme kidogo lakini bado unaweza kuongea.

Kwahiyo mwalo ulikuwa unanipa dozi ambayo haijaandikwa kwenye kadi. Ziwa likafungwa, dozi ikakatwa, mimi nikabaki na ile ya sindano peke yake.

Dokta akafanya anachofanya dokta yeyote akiona 9.1, akaongeza uniti za insulini asubuhi na jioni. Na ikasaidia kweli, sukari ikaanza kushuka. Tatizo likaja Agosti. Ziwa likafunguliwa, watu wote tukamiminika mwaloni kwa njaa ya miezi mitatu, dagaa wa kutosha, tunafanya kazi mpaka kiza, na ile dozi mpya iko palepale, hakuna aliyeniuliza "mama, ukirudi kazini itakuwaje" na mimi nitajuaje.

Usiku wa kwanza kwanza huo nikalala kama gogo. Saa tisa usiku binti yangu anasema alinisikia naongea maneno hayaeleweki, akafikiri naota, alikuja kunifunika akakuta kanga imelowa jasho chapachapa kama imetoka kufuliwa, nimeshika kona ya godoro natetemeka. Mimi nakumbuka njaa tu, njaa ya ajabu, na moyo unapiga kifuani mpaka masikioni. Akatoboa kidole, mashine ikasoma 2.9, ni milimoli kwa lita hizi za mashine siyo asilimia, imeshuka sana. Yule mtoto ana akili, hakuhangaika na chai wala uji, alichukua soda ya kawaida siyo ile isiyo na sukari, akanipa nusu chupa ninywe nikiwa nimekaa, akasubiri robo saa akapima tena, 4.6, ndo akaniletea kiporo cha ugali na kunde nile ili isije ikashuka tena kabla ya asubuhi. Kama soda hamna ni vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji. Na kama mtu ameshapoteza fahamu msimtilie kitu mdomoni hata kama mnamhurumia namna gani, kitaingia kwenye njia ya hewa, mlazeni ubavu mkimbie hospitali.

Hii ya kushuka usiku wakati kazi ulifanya mchana ndiyo watu wengi haiwaingii. Wanadhani sukari inashuka ukiwa unatoka jasho, ukipumzika umesalimika. Kumbe msuli una akiba yake ya sukari, mchana kutwa umeitumia, usiku wewe umelala wenyewe unajaza tena na unachota kwenye damu. Ukiongeza na insulini ya jioni ambayo bado iko njiani, ukiongeza na kwamba ulikuwa umechoka ukala kidogo ukalala, hesabu imekamilika. Na kwa wanaume wanaopitia mahali kupooza koo baada ya kazi, pombe inalizuia ini kutoa sukari wakati wa shida, tena mtu akitetemeka na kubwabwaja watu wanasema kalewa wanamwacha hapo.

Niliporudi kliniki safari hiyo nilienda na daftari. Siyo lile la kliniki, la kwangu la mahesabu ya dagaa, nyuma yake nimechora mistari: sukari ya asubuhi, kazi gani leo, sukari ya usiku. Stripu, vile vijikaratasi vya kuweka damu kwenye mashine, ni ghali sitaki kudanganya mtu kwamba napima mara sita kwa siku kama wazungu, napima asubuhi na siku ya kazi nzito napima kabla ya kulala, siku nyingine nanyamaza. Na kwenye daftari hilo nikaweka kitu dokta hakuwahi kukiona: kiza na mbalamwezi.

Nieleze. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote jeupe, taa haiwaiti dagaa, vipe havitoki, wavuvi wanashona nyavu na sisi tunakaa. Kila mwezi hivyo. Ukiangalia daftari langu sukari za asubuhi siku za kiza ni 6 na kitu, 7, zikifika za mbalamwezi zinapanda 9, 10, halafu mwezi ukizama zinashuka tena. Dozi moja, chakula kimoja. Dokta alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka akalichukua akasoma kurasa zote, akapunguza ile dozi ya jioni kwa siku za kazi na akaniambia za kupumzika nibaki na ya juu, akaniandikia kila moja pembeni kwa herufi kubwa. Sisemi mtu ajipangie dozi kwa kuangalia mwezi jamani, nasema mwambie anayekuandikia dawa kazi yako ikoje na inabadilika lini. Mkulima ana msimu wake wa jembe na msimu wa kukaa, fundi ujenzi ana mvua yake. Hawa watu wa kliniki wanatuuliza tunakula nini tu.

Jingine alilonielekeza nesi mmoja kijana, sindano ya siku ya kazi nichome tumboni nisichome pajani. Paja likifanya kazi damu inazunguka sana pale na insulini inaingia mwilini haraka kuliko ilivyopangwa, na jua la Kibirizi nalo linaongeza mbio.

Sasa kuna siku daftari lilinichanganya. Lori la mzigo lilikuja limechelewa, dereva anapiga honi, vijana wa kupakia wawili tu, nikavua kanga ya juu nikaingia na mimi kupandisha magunia, ya haraka haraka, nguvu zote, pumzi juu. Kabla ilikuwa 8.9. Nilipomaliza nikapima nikitegemea 6, ikasoma 11.7. Nikafuta kidole nikapima tena nikapoteza stripu nyingine, vilevile.

Mashine haikuwa mbovu. Ukifanya kitu cha nguvu kubwa ghafla, kunyanyua, kukimbia mbio fupi, hata kugombana nusura ya kupigana, mwili unamwaga adrenalini na ini linafungulia sukari. Ini lina akiba, kama mama anayeficha unga uvunguni, kelele za shida zikianza analeta debe zima hata kama kilichohitajika ni kibaba. Kwa asiye na kisukari insulini inapanda fasta inafuta, kwetu inabaki inaelea. Ila ya namna hiyo inashuka yenyewe baada ya saa moja mbili, usiikimbilie na sindano ya ziada, maana usiku ule ule inaweza kukurudia kwa upande wa pili. Na kazi za kunyanyua bado zina faida yake, msuli ukiongezeka unakuwa na mahali pa kuweka sukari, ndiyo maana wanashauri mara mbili tatu kwa wiki. Isipokuwa mtu ambaye mishipa ya macho imeshaharibika na kisukari, huyo kukaza pumzi na mzigo mzito mpaka aulize kwanza, damu inaweza kuvuja ndani ya jicho.

Mtoto wa jirani yetu ana aina ya kwanza, mwili wake hautengenezi insulini kabisa, na anacheza mpira kwelikweli. Mama yake alikuwa anachanganyikiwa, siku ya mechi mtoto anarudi na 14, siku ya mazoezi ya kawaida ya kukimbia polepole anarudi na 4. Ni mambo yaleyale, mechi ina mbio za ghafla na presha ya kushangiliwa. Kwa watoto hawa lakini kuna hatari nyingine, kama insulini imekosekana mwilini na sukari iko juu, tuseme imepita 14, na anajisikia vibaya, tumbo linauma, anatapika, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, hapo hakuna cha "kimbia ishuke". Itapanda zaidi na ataingia kwenye sumu ya ketoni, asidi inayojaa kwenye damu mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Huyo ni hospitali. Na ikiwa chini ya 5 kabla ya kuingia uwanjani ale kwanza ndizi au kitu, asubiri. Hii ya 5 ni ya kila anayechoma insulini, na mimi naifuata nikiona kazi ya siku hiyo ni ndefu.

Nirudi kwenye mbalamwezi, maana ndiko nilikohangaika zaidi. Siku za kukaa nifanye nini? Kukimbia magoti hayataki. Nikaamua kutembea baada ya kula. Hii wala sikuitunga mimi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand mwaka 2016 walitoa matokeo yao, waliwalinganisha wenye aina ya pili wanaotembea nusu saa mara moja kwa siku na haohao wakitembea dakika kumi baada ya kila mlo mkubwa, jumla ya dakika ni ileile, ila sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kwa wale wa kumi kumi, na faida ilionekana zaidi baada ya mlo wa jioni. Mlo wa jioni ndio wenye wanga mwingi, na baada yake ndo watu tunakaa tunaangalia tamthilia.

Kwangu ilikuwa hivi: nimekula ugali wa muhogo na samaki kuhe wa mawese, sikujipunguzia sana siku hiyo, saa nzima baadaye 12.4. Kesho yake ugali wa sahani ileile na samaki yuleyule aliyebaki, nikala nikanyanyuka nikazunguka hapa Mwanga mpaka sokoni na kurudi kwa barabara yenye kimwinuko, saa ileile nikapima, 9.3. Hakuna kidonge wala mizizi ya kuchemsha iliyowahi kunifanyia hivyo, na hiyo mizizi ya kuchemsha nimeshainunua mingi tu.

Shida ya kutembea huku kwetu ni watu. Mwanamke wa umri wangu akitembea usiku bila sababu anaonekana ana jambo. "Shikamoo mama, unaelekea wapi? Kuna msiba?" Kila kona. Wifi yangu akatangaza kwamba nawakimbia wanaonidai, na kwa mwaka ule haikuwa uongo mkubwa sana. Nikaanza kubeba kikapu kitupu. Ukibeba kikapu hakuna anayekuuliza, umetumwa. Siku hizi kikapu nimekiacha, majirani wawili wananisindikiza na mmoja hana hata kisukari, anasema anakuja kwa ajili ya umbea.

Ramadhani nayo ina hesabu zake, na sisi tulio na ndugu Ujiji tunajua mji ule ukifunga unafunga kweli. Mtu wa insulini asiingie kichwa kichwa, aongee na dokta wiki kadhaa kabla dozi ipangwe upya, na kuna ambao wataambiwa wasifunge na wasione wameonewa. Nilichotaka kusema ni kwamba taraweh ni mazoezi. Kusimama, kurukuu, kusujudu, rakaa nane au ishirini, madaktari wa kisukari wenyewe wanaihesabu kwenye mazoezi ya siku, kwahiyo usiongeze matembezi marefu juu yake, na kunywa maji kabla hujaenda. Kazi nzito isukumie mbali na saa za mwisho kabla ya kufuturu, hapo tanki ndo limekauka. Kutoboa kidole mashekhe wengi wanasema hakufunguzi, na ikisoma chini ya 3.9 au imepita 16.7 saumu inakatwa hapohapo hata kama adhana imebaki dakika tano.

Miguu. Pale mwaloni karibu wote wanatembea peku, mchanga wa mchana unaunguza na kuna miba ya samaki, misumari ya mitumbwi. Kisukari cha muda mrefu kinaua hisia za nyayo, unachomwa hujui. Mimi nina raba za mtumba, nimezipata zenye nafasi vidoleni, kabla ya kuvaa nazikung'uta maana mchanga kidogo tu ukikusugua siku nzima unatoa kidonda, na usiku binti ananiangalia chini ya nyayo kwa tochi ya simu kwa sababu mimi kujipinda kule siwezi tena. Anakagua katikati ya vidole kama anatafuta chawa.

Shemeji yangu anatumia vidonge vya kisukari vya metformini peke yake, na baada ya kusikia habari ya usiku wangu akaogopa hata kupanda ngazi. Nikamwambia aulize kliniki, akauliza, wakamwambia hiyo peke yake ni nadra sana kumshusha mtu mpaka atetemeke, yeye atembee tu. Wa kuangalia ni sisi wa insulini na wale wa glibenklamidi, hicho kidonge kinalilazimisha kongosho litoe insulini umekula hujala. Sasa anatembea mpaka Gungu na kurudi, na amekuja kuniomba mashine yangu ajipime. Mashine nampa. Sindano ya kutobolea nimemwambia anunue yake.